Nusu ya Kyungu

Juzi fundi alikuja kupaka chokaa ukuta wa nyuma wa nyumba yangu. Alimwaga unga ndani ya ndoo, akatia maji, na ile harufu kali ya jiwe lililolowa ilipopanda, niliacha sufuria jikoni nikaenda kujifungia chumbani. Mume wangu aliuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, aniache kidogo. Wenzangu wa rika langu mtanielewa: mtu anaweza kuwa na watoto wake na funguo za nyumba yake, na bado harufu moja ikamrudisha kwenye umri ambao alikuwa bado anang'oka meno.

Sisi ni mapasa, mimi na ndugu yangu. Kwetu Katanga pacha huitwa mapasa, na majina yao wazazi hawayachagui. Anayetoka wa kwanza ni Kyungu, anayemfuata ni Kabange, awe wa kike au wa kiume. Kyungu ni yeye. Kabange ni mimi. Mama watu walimwita Mama Mapasa, baba Papa Mapasa, kana kwamba kabla yetu hawakuwa na majina. Tulikuwa tunakaa Panda, upande wa Likasi wenye kambi za zamani za wafanyakazi wa migodi, katika nyumba ya matofali iliyopangwa mstari mmoja na nyingine zinazofanana nayo hadi mgeni anapotea.

Mapasa kwetu hupendwa na kuogopwa kwa wakati mmoja. Ukimpa mmoja pipi, mpe na mwenzake. Ukimsalimia mmoja, msalimie na wa pili. Nguo zinakatwa kwenye kitambaa kimoja. Hata fimbo ilikuwa vilevile, mmoja akikosa tunachapwa wote, na Kyungu alijua kuitumia sheria hiyo, mshenzi yule. Aliyetueleza sababu ni nkambo, bibi yetu mzaa baba, siku moja alipokuwa akitupaka mafuta kabla hajarudi kijijini kwake.

"Mapasa banakuyaka kutembea tu hapa duniani," alisema, yaani tunakuja kama wageni. "Moya akipata, mwenzake akikosa, ule mwenye kukosa anakasirika. Anarudia kule balitoka."

Sikuuliza kule ni wapi. Misafara ya mazishi ilikuwa inapita mbele ya nyumba yetu, na mimi sikuwa mjinga.

Nkambo alitusimulia pia siku tuliyozaliwa. Tulipakwa pemba, ule udongo mweupe, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Halafu watu wa upande wa baba na watu wa upande wa mama wakasimama uwanjani wakaanza kutukanana kwa nyimbo, matusi mazito ya nguoni, huku wakicheka na kunywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, maana mapasa hupokelewa kwa matusi. Basi baba na mama walipoanza kutukanana kweli, ukuta kwa ukuta na chumba chetu, mimi na Kyungu tulilala tukisikiliza kwa raha. Tulidhani wanatuimbia. Kyungu alipiga na makofi. Kisha tukasikia sahani inavunjika na mama analia, na makofi yakakoma.

Baba alihamia Kakontwe, karibu na machimbo ya mawe ya chokaa alikokuwa akifanya kazi. Baada ya hapo wakubwa wa familia walikutana sebuleni kwetu. Watu wa baba ni Waluba, na kwao mtoto ni wa ukoo wa baba. Watu wa mama ni Wabemba, na kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, tena mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Walivutana hadi mjomba alipopata wazo ambalo wote walilipokea kwa kutikisa kichwa.

"Batoto beko mbili, bazazi beko mbili," alisema. "Kila mutu na moya yake. Nani tena atanungunika?"

Hakuna aliyenung'unika. Hakuna aliyesema twende mahakamani tukaulize sheria inasema nini juu ya watoto wa watu walioachana. Waliokuwa wanahesabu hata pipi ili tusipate tofauti, waligeuza hesabu ileile ikawa ya wazazi, na chai ilikuwa bado ya moto walipomaliza. Kyungu aliondoka amekaa nyuma ya baiskeli ya baba, na mfuko wake wa nguo mapajani. Alikuwa anacheka, kwa sababu alikuwa anapenda baiskeli.

Jioni hiyo mama aliniwekea bukali, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na kipande cha samaki, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Nafikiri alitaka kunifurahisha. Nilikitazama kile kipande bila kukigusa.

"Kyungu amepata samaki?" niliuliza.

"Kyungu iko kwa papa yake. Kula."

"Lakini amepata?"

"Weye mutoto, kula chakula yako."

Nikala nusu. Nusu nyingine niliiviringisha ndani ya gauni langu, na mama alipotoka kwenda kwenye bomba niliitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikalisukuma chini ya kitanda. Kuanzia hapo niligawa kila kitu. Nusu ya mkate, nusu ya yai, nusu ya muwa. Mjomba aliponiletea ndala mpya, nilivaa moja na nyingine nikaiweka. Sikuwa na namna ya kumfikishia Kyungu fungu lake, lakini niliona kwamba angalau kule wanakohesabu, wataona sijala peke yangu.

Na machimbo yenyewe yalinitesa. Mchana wanapasua mwamba kwa baruti, na upepo ukielekea kwetu tulisikia mshindo mzito kwa mbali, kioo cha dirisha kikatetemeka kidogo. Zamani hatukuujali. Sasa kila uliposikika nilisimama pale nilipo, shuleni au uwanjani, nikajikagua leo nimekula nini. Siku moja nilisahau nikamaliza andazi zima njiani, kwa njaa tu, na mshindo ukaja kabla sijafuta mdomo. Nilikimbilia chooni nikajitia vidole kooni. Nilikuwa na uhakika, kama ninavyojua jina langu, kwamba Kyungu amerudi kule na mimi ndiye niliyemrudisha.

Nilikonda. Na kopo likaanza kunuka.

Aliyeligundua ni mama mdogo, ndugu yake mama, aliyekuja kukaa nasi ili mama asiwe peke yake. Alikuwa mtu wa kanisa la kuomba kutwa nzima, mwenye sauti ya kukwaruza, na mimi nilimpenda kwa sababu alinisuka vizuri. Alivuta kopo kutoka chini ya kitanda, akalifungua, akalitupa chini. Funza walikuwa wanatambaa juu ya samaki.

"Ya yaya," alimwita dada yake, "kuya uone. Huyu mutoto anamulishaka nani?"

Mama alikuja, akaangalia, akaniangalia mimi. Ningesema namlisha Kyungu, ingekuwa kama kukiri kwamba amekwisha kwenda.

"Mutoto anakonda, chakula anaficha," mama mdogo aliendelea, polepole, kama mtu anayesoma. "Papa yake alikimbia nyumba. Yaya, weye huone? Dimanche tumupeleke kwa pasta."

Nilijua maana ya kupelekwa kwa pasta Jumapili. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na msichana aliyepelekwa kwa pasta akarudi amekatazwa kula na wengine, na watoto wote wa mstari wetu walimwita mulozi, mchawi. Mama alilisafisha lile kopo kwa majivu huku mgongo amenipa. Usiku alinisogeza karibu naye kitandani kama kawaida, lakini nilisikia kwamba hakuwa amelala, na kwa mara ya kwanza niliwaza kwamba mama naye ananiogopa. Hofu yangu juu ya Kyungu ilikuwa na mwenzake sasa.

Nikaona afadhali niende nikajionee mwenyewe. Siku iliyofuata sikuingia shuleni. Kulikuwa na akina mama waliopeleka mikate na maharagwe kuuza kwa wafanyakazi wa machimbo, wakitembea kwa kundi na mabeseni kichwani. Niliwafuata kwa nyuma nikiwa na mfuko wangu wa plastiki, ndani yake nusu ya mkate na kipande cha samaki mkavu. Mmoja alinigeukia akaniuliza nakwenda wapi. Nilimwambia nakwenda kwa papa, na huo haukuwa uongo. Walinipa maji njiani.

Kadiri tulivyokaribia, barabara iligeuka nyeupe. Majani ya miti meupe, mabati meupe, mbuzi mwenye mgongo mweupe. Nyumba ya baba nilielekezwa na mzee mmoja, na kabla sijaifikia niliona rundo la vumbi la mawe ambalo watoto walikuwa wakilitelezea kwa kukalia vipande vya ndoo. Mmoja wao alisimama juu kabisa. Alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Macho tu na mdomo ndivyo vilikuwa na rangi. Nikaona kwa macho yangu kwamba wamempaka pemba, na nani anayepaka mtoto mkubwa pemba kama si wale waliompokea kule?

Mkojo ulinitoka.

"Kabange," aliniita.

Tulikuwa tumefundishwa kwamba mfu akikuita jina usiitike. Nilibana midomo. Akateleza chini ya rundo, akaja mbio hadi mbele yangu, akanusa mfuko.

"Umeniletea nini?"

Alishautia mkono kabla sijasema. Akatoa samaki, akang'ata, akalalamika kwamba amekauka sana. Hapo ndipo nilipoanza kulia, maana marehemu halalamikii samaki. Nikamshika shavu, vumbi likabaki kwenye kiganja changu, na chini yake palikuwa na ngozi ya Kyungu, ya moto. Tena shavu lenyewe lilikuwa limejaa. Alikuwa amenenepa.

"Unakulaka yote?" nilimwuliza. Hasira ilinipanda mara moja.

"Minye nakulaka ya watu mbili," alisema kwa kujisifu. "Yangu na yako. Papa anauliza juu ya nini nakula hivi, namuambia nakulia Kabange, juu yake iko mbali."

Kumbe naye alikuwa ameyashika maneno ya nkambo, ila aliyageuza upande wake. Kwake mapasa ni tumbo moja, akishiba yeye nimeshiba mimi. Alikuwa anakula hadi anatapika ili mimi nisirudi kule. Akanishika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana upande wa pili, na nikaona anaanza kuogopa.

"Juu ya nini unakonda, basi?" aliuliza. "Minye nakula kila siku."

Tulikaa chini kwenye vumbi tukalia wote wawili hadi baba alipotoka kazini akatukuta.

Baba alitupakia wote kwenye baiskeli, mmoja mbele mmoja nyuma, akatupeleka Panda. Mama alikuwa barabarani bila kitambaa kichwani, amezunguka mtaa mzima akinitafuta. Alipotuona hakushukuru. Alimwambia baba amemwiba mtoto. Baba akanisukuma mbele, akanyanyua mkono wangu kama mtu anayeonyesha kuku aliyekonda sokoni.

"Angalia. Mutoto anakauka kwako."

"Na weye ule mwingine unamufuga namna nguruwe," mama alijibu.

Mama mdogo akatia neno lake la pasta. Baba aliposikia hilo, sauti yake ilishuka, na sauti yake ikishuka ndipo pa kuogopa. Alisema anakwenda kwa juge, jaji wa watoto, na atatuchukua wote. Mama akasema aende, naye atakwenda, na yeye ndiye atakayetuchukua wote. Kyungu alirudishwa Kakontwe siku ileile. Mimi nilibaki, na kwa pasta sikupelekwa, kwa sababu mama aliogopa baba atalisema mbele ya jaji.

Siku ya mahakama tulivalishwa kitambaa kimoja, ingawa tulitoka nyumba mbili. Wazazi wetu walikuwa wamekumbuka hilo, kila mmoja kivyake. Tulikaa kwenye korido, baba benchi hili na mama benchi lile. Jaji wa watoto alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani na kikohozi. Alisema atatusikiliza mmoja mmoja, bila wazazi. Kyungu aliitwa kwanza. Alitolewa kwa mlango mwingine ili tusiongee, kisha nikaitwa mimi.

Aliniuliza darasa langu, na jina la mwalimu wangu. Kisha akaweka kalamu chini.

"Kabange, hapa hakuna mutu atakuchapa. Niambie, unapenda kukaa kwa papa ao kwa mama?"

Niliangalia mikono yangu. Nilimpenda mama hata alipokuwa ananiogopa. Lakini swali kwangu halikuwa hilo. Niliona kwamba tukitaja mtu mmoja, tutakaa pamoja. Tukitaja tofauti, tutaachanishwa tena, safari hii kwa muhuri wa serikali, na mmoja wetu hatafika mwisho wa mwaka. Kyungu ameshasema nini mle ndani? Kyungu anapenda baiskeli. Anapenda rundo la vumbi. Kyungu amesema papa, hawezi kusema vingine. Jaji alikohoa, akangoja.

"Papa," nikasema.

Jaji aliangalia karatasi yake, halafu akamwambia karani amlete Kyungu.

"Sasa munisaidie," alisema tulipokuwa tumesimama mbele ya meza yake. "Kyungu anasema mama. Kabange anasema papa."

Nikajua tumekwisha. Watabadilishana tu, mimi Kakontwe, yeye Panda, na itakuwa ni mimi mwenyewe niliyetutenganisha.

"Juu ya nini umesema papa?" Kyungu alinigeukia. "Weye unapendaka mama."

"Na weye unapendaka papa!"

"Nilisema mama juu yako. Nilifikiri utasema mama."

Jaji alivua miwani. Aliuliza maswali machache, kwa sauti ya chini, na yote yakatoka: nkambo, mapasa wanaorudi, kopo, funza, kula kwa watu wawili, mshindo wa mchana, maneno ya mama mdogo juu ya pasta. Alisikiliza bila kuandika. Kisha aliwaita wazazi wetu, akatuambia turudie yaleyale mbele yao. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, maana ilibidi mama asikie kwa kinywa changu kwamba nilisema papa. Alifumba macho. Baba naye aliposikia kwamba Kyungu alisema mama, alianza kuchuna chokaa iliyogandamana kwenye kucha zake, na hakunyanyua kichwa.

"Mulifikiri mumegawanya sawa," jaji aliwaambia. "Mutoto haiko fungu ya muzazi. Sheria inaangalia faida ya mutoto, na hawa batoto banaogopa kufa."

Akasema hatutaachanishwa tena. Siku za shule tutakaa kwa mama, kila Ijumaa baba atatuchukua hadi Jumapili, likizo tutagawa, na mambo ya shule na hospitali wataamua wote wawili, hata kama hawapendani. Halafu akamgeukia mama akamwambia kwamba mtu anayemwita mtoto mulozi, sheria inamfunga, na akamfikishie ndugu yake salamu hizo. Mama aliitika kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ndogo, ya mwanafunzi.

Tulitoka nje. Wiki ilikuwa bado katikati, kwa hiyo tulikuwa wa mama. Mama alinishika mkono mmoja, Kyungu mkono mwingine, na alikuwa anatubana hadi inauma, wala hakuniuliza kitu. Mimi nilikuwa nataka tuondoke upesi kabla jaji hajabadilisha mawazo. Lakini baba alikuwa amesimama mbele yetu ameshika usukani wa baiskeli, na mfuko wa nguo wa Kyungu begani. Asubuhi alikuja na mtoto. Sasa alikuwa anarudi Kakontwe bila hata mmoja.

Alimpa mama ule mfuko. Akachuchumaa mbele yetu.

"Vendredi nitakuya," alisema, akimaanisha Ijumaa.

"Eeh, papa."

Hakusimama. Alimtazama Kyungu, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa sauti ambayo ilikuwa yangu, ile niliyokuwa nikiitumia gizani chini ya shuka kumwuliza Kyungu kama bado yupo:

"Mutakuwako?"

Sikuwa nimejua kwamba mtu mzima naye anaweza kuogopa hivyo. Tulimjibu kwa pamoja kwamba tutakuwako. Akatikisa kichwa, akaanza kuondoka akiisukuma baiskeli bila kuipanda, na kila baada ya hatua kadhaa aligeuka kuangalia kama bado tupo.